Dongo la Mwalimu



Katika kabati la kwaya ya parokia yetu kuna daftari la mali. Mistari yake imechorwa kwa rula, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya somo wa kwaya katibu hulifungua na kuhesabu: kinanda kimoja, spika mbili, maikrofoni nne, ngoma tatu, sare za kijani thelathini na mbili. Mstari wa kumi na nne unasema: "Ufunguo wa programu ya kurekodi, 1." Kitu hicho kipo mpaka leo. Ni cheusi, urefu wake kama kidole gumba, na kimefungwa kwenye kamba ya kiatu. Katibu ameniuliza kama akifute kwenye daftari au akiache. Huu ni mwezi wa tatu sijamjibu.

Kabla ya kuingia malezi nilifanya kazi miaka miwili katika studio ya parokia hiyo. Neno studio lisiwadanganye. Kilikuwa chumba nyuma ya ofisi ya makatekista, ukutani tumepigilia trei za mayai ambazo, nilikuja kujua baadaye, hazizuii sauti ya nje hata kidogo. Pikipiki ikipita barabarani tulirudia wimbo. Fundi mkuu alikuwa mwalimu wa kwaya, mstaafu wa shule ya msingi, ambaye wote tulimwita Mwalimu tu. Mimi nilikuwa msaidizi wake: kutandaza nyaya, kuhesabu "moja, mbili, tatu," kuzima feni wakati wa kurekodi na kuiwasha haraka kabla soprano hawajazimia.

Programu tuliyoitumia sitaitaja jina. Ilikuwa ya zile kubwa zinazorekodi kila sauti kwenye mstari wake, ili besi akikosea usiwasumbue wengine. Kwaya iliinunua kwa shilingi milioni moja na laki nne. Fedha hiyo ilitoka kwenye michango ya elfu kumi kumi, kwenye wali uliouzwa baada ya Misa ya pili, na kwenye bahasha ya mama mmoja mjane ambaye hakuwa hata mwanakwaya. Muumini mmoja aishiye nje alitununulia na kutuletea boksi. Ndani mlikuwa na diski, kitabu kinene, na kile kidude cheusi.

Kwa Kiingereza kinaitwa dongle. Kuna kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza vidude hivi, na mwaka 1992 ilitoa tangazo likidai kwamba jina hilo limetokana na mtu aitwaye Don Gall. Hadithi ya kutunga, ya kuchangamsha biashara. Sisi tulilitamka dongo, na waimbaji wa sauti ya nne walifurahi sana, maana kila mtu anajua maana ya kurusha dongo. "Leo Mwalimu amekuja na dongo lake," walisema, na Mwalimu alijibu kwamba wakiimba vibaya atalirusha kweli.

Kwa umbo dongo ni kama flashi, ila haliweki nyimbo wala picha. Ndani yake mna kichipu chenye siri. Programu inapofunguka, na tena mara kwa mara inapoendelea kufanya kazi, inaliuliza dongo swali ambalo dongo peke yake linaweza kulijibu. Likijibu, kazi inaendelea. Lisipokuwepo, programu inagoma. Unaweza kuiweka programu kwenye kompyuta kumi ukitaka, lakini itafanya kazi kwenye ile moja uliyochomeka dongo.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko mimi. Mwaka 1980 programu ya kuandikia iitwayo Wordcraft, ya kompyuta za Commodore PET, tayari ilikuwa na kitu cha namna hiyo. Wanamuziki walikutana nacho hasa kwenye kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu ya kuunganishia vinanda. Cubase ya kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilianza huko, na ufunguo wake ulichomekwa ubavuni mwa Atari. Washindani wao Wajerumani, ambao programu yao baadaye iliitwa Logic, nao walikuwa na ufunguo. Mwaka 2002 kampuni ya Apple iliinunua kampuni yenye Logic, na mwaka 2007 ikauondoa ufunguo kabisa na kushusha bei. Watu walishangilia ukarimu huo. Lakini ukifikiri kidogo utaona kwamba Apple haikuhitaji tena dongo: Logic haifanyi kazi ila kwenye kompyuta ya Apple, kwa hiyo kompyuta nzima ndiyo imegeuka dongo.

Hapa kwetu hatukuyajua hayo. Tulijua kwamba dongo hukaa kwenye kabati la kwaya, kwamba ufunguo wa kabati anao Mwalimu, na kwamba kila jioni baada ya kazi linachomolewa, linafutwa kwa kitambaa na kuandikwa kwenye daftari dogo: limetoka saa ngapi, limerudi saa ngapi. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema kila siku, mpaka tukawa tunammalizia.

Nililivunja mimi. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2021, wiki ya tatu, tukiwa tumebakiza nyimbo mbili kati ya nane. Albamu ilikuwa izinduliwe Jumapili ya Huruma ya Mungu. Mgeni rasmi alikuwa ameshapatikana, ukumbi umeshalipiwa nusu. Dongo lilichomekwa mbele ya kompyuta, kwenye tundu la USB lililo chini karibu na sakafu, na mimi nilipiga magoti kuufuata waya uliokuwa umeponyoka. Goti langu likaligonga. Sikusikia hata mlio. Niliona tu kwenye kioo cha kompyuta maandishi kwamba leseni haipatikani, nikatazama chini, nikaona kichwa cha chuma kimebaki kwenye tundu na mwili wa plastiki uko sakafuni.

Mwalimu hakugomba. Aliviokota vipande vyote viwili, akaviviringisha kwenye karatasi, akaniambia nikatafute kwenye kitabu kinene wanasema nini. Kitabu kilisema: lirudishe lililovunjika kwa posta pamoja na malipo ya kulibadilisha, utaletewa jingine. Tulituma siku iliyofuata. Posta walituambia tusubiri, na mahesabu ya kwenda na kurudi yalionyesha wazi kwamba Pasaka itapita.

Mjini kulikuwa na kijana mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye flashi. Alinisikia nikilalamika, akacheka. "Programu hiyo? Ninayo ya kraki. Elfu tano."

Wapendwa, nataka kulieleza jambo hili kwa haki, maana najua baadhi yenu mnaosoma mna programu za kraki kwenye kompyuta zenu, na baadhi yetu humu seminarini tunazo pia. Programu iliyokrakiwa ni ile ambayo wajanja wameifungua na kuitoa ile sehemu inayouliza swali. Haimtafuti tena mtu wa kumjibu. Niliinunua kwa elfu tano zangu mwenyewe, nikaiweka kwenye kompyuta ya kwaya usiku, peke yangu, mlango umefungwa. Kesho yake nikamwambia Mwalimu kwamba kampuni ina toleo la majaribio la siku chache na kwamba tumeruhusiwa kulitumia.

Na ilifanya kazi vizuri. Ningependa kuwaambia kwamba ilileta virusi, kwamba ilifuta nyimbo, ili hadithi iwe na adabu. Hapana. Ilifunguka haraka kuliko ile halali, haikugoma hata mara moja, na lile tundu la USB nililitumia kwa kazi nyingine. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote. Kufuli lile halikumzuia mwizi hata siku moja. Lilitubana sisi tuliouza wali. Yule kijana wa kibandani, ambaye hakulipa senti, hakuwa na dongo la kuvunja, hakuwa na karatasi ya posta ya kufuatilia, na asingekosa usingizi hata kampuni ikifilisika. Nilikuja kusoma baadaye kwamba si sisi tu. Juni 2013 kampuni ya PACE ya Marekani, wenye ufunguo uitwao iLok unaotumiwa na studio kubwa za dunia, walibadilisha mfumo wao, na watu wengi waliolipa kila kitu wakakaa siku kadhaa hawawezi kufungua programu zao. Wenye kraki waliendelea na kazi.

Mwalimu aligundua Jumatano ya Wiki Takatifu. Dirisha la programu lilipofunguka lilionyesha, mahali pa jina la mwenye leseni, jina la ajabu ajabu la kikundi cha wajanja wale. Alivaa miwani, akasogea.

"Kijana, huyu ni nani?"

Nilimweleza yote. Nilikuwa nimeandaa utetezi kichwani kwa wiki nzima: tumeshalipa, leseni ni yetu, kilichovunjika ni plastiki tu, kampuni haijapoteza chochote. Niliutoa wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa darasa la nne.

"Inawezekana ni kweli," alisema. "Lakini ungeniambia. Ningekataa, lakini ungeniambia."

Basi. Akaifunga kompyuta. Uzinduzi uliahirishwa. Mwenyekiti wa kwaya alikuja juu, mgeni rasmi aliudhika, fedha ya ukumbi haikurudi. Mwalimu alisimama mbele ya kwaya akasema hatujawa tayari, na kwamba kosa ni lake. Sikufungua kinywa. Dongo jipya lilikuja mwezi wa sita, Pentekoste imeshapita, tukamalizia nyimbo zile kihalali, na albamu ikazinduliwa Agosti mbele ya watu wachache.

Mwaka jana, katika somo la maadili, padre mwalimu wetu alitupeleka kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 66. Linahusu wizi. Katika kifungu cha tatu Tomaso anauliza wizi ni nini, na jibu lake lina mambo matatu: ni kuchukua, kitu cha mwingine, kwa siri. Nilikaa na neno hilo la mwisho kipindi kizima. Kuhusu "kitu cha mwingine" naweza kubishana mpaka kesho, na nilibishana: nilimwambia padre kwamba aliyenunua kiti mguu ukavunjika haibi akiufunga kwa waya. Darasa lilicheka, na frateri mmoja aliyesoma sheria kabla ya kuja seminari akasema waya wenyewe niliununua kwa mtu anayeuza viti vya wizi. Padre alikubali kwamba hoja zote mbili zina uzito. Lakini kuhusu siri sina cha kubishana. Niliyemficha si kampuni, maana kampuni iko mbali na haijui kama nimezaliwa. Nilimficha mzee aliyekuwa akiandika kwenye daftari saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Ningeishia hapo kama dongo lingeendelea kuwa dongo.

Makampuni mengi yamekuwa yakiacha njia hiyo. Steinberg walianza kuiacha mwaka 2022, na mwezi wa tano mwaka 2025 wakaifunga huduma ya funguo zao za zamani. Badala yake unafungua akaunti mtandaoni kwa barua pepe na nenosiri, unaingia, kompyuta yako inatambuliwa, basi. Nyingine zinataka ulipe kila mwezi au kila mwaka, na siku ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Wenye safari za mara kwa mara wameshukuru: hakuna cha kuvunjika, hakuna cha kusahau hotelini. Na mimi nilishukuru. Mwaka 2023, nikiwa nyumbani likizo, kampuni ya programu yetu nayo ilikuwa imetoa njia ya kuhamisha leseni kutoka kwenye dongo kwenda kwenye akaunti. Nilimshawishi Mwalimu. Nilimwambia: goti la mtu halitavunja kitu tena.

Hakuwa na barua pepe, nikamfungulia. Iliandikwa kwa jina lake, ikaunganishwa na namba yake ya simu. Kampuni iliuliza jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwaya. Nilichomeka dongo, nikabonyeza, na baada ya dakika mbili leseni ilikuwa imehama. Dongo likabaki tupu. Mwalimu alilichomoa, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha kabatini kama kawaida. "Hata kama ni tupu ni mali ya kwaya," alisema, nami nikacheka.

Alifariki Oktoba mwaka 2024, ghafla, presha. Raha ya milele umpe ee Bwana.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kompyuta ya studio iliharibika, fundi akaisafisha na kuweka kila kitu upya. Programu ilipofunguliwa ikaomba barua pepe na nenosiri. Nenosiri alilijua Mwalimu. Ukisema umelisahau, namba za siri zinatumwa kwenye simu ya Mwalimu, na laini ile ilikuwa imeshafungwa. Niliandikia kampuni. Walijibu kwa upole, wakatoa pole za msiba, wakasema akaunti ni ya mtu binafsi na wanaweza kuzungumza na mrithi wake halali akileta vielelezo. Niliwaandikia tena kwamba programu haikuwa yake, ilikuwa ya kwaya. Wakauliza, kwa upole ule ule, kama ninayo risiti yenye jina la kwaya. Risiti ilikuwa na jina la yule muumini wa nje aliyetuletea boksi.

Familia ilikuwa na msimamizi wa mirathi, mtoto wake mkubwa, aliyethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo. Niliiona orodha: nyumba, shamba, ng'ombe wawili, pikipiki, baiskeli, cherehani ya mama. Nani angeandika humo akaunti ya programu ya muziki? Nilimweleza kaka huyu shida yetu kadiri nilivyoweza. Alisikiliza, akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitu amekishika kwa mikono miwili. Lilikuwa dongo. Lilikuwa kwenye mfuko wa koti la Mwalimu.

"Hili si la familia," aliniambia. "Baba alisema siku zote ni la kwaya. Chukueni, tusije tukala cha kanisa."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ni plastiki.

Nimelifikiria jambo hili sana, zaidi ya inavyostahili labda, na nimefika mahali ambapo neno lenyewe ndilo limenifundisha. Tunasema leseni ya udereva. Dereva akifa, mtoto wake hairithi. Anaweza kurithi gari, lakini leseni inakufa na mwenyewe, maana ni ruhusa aliyopewa yeye. Shamba lina hati, na hati inarithiwa, inauzwa, inawekwa rehani. Kwa miaka yote ile sisi tulidhani tuna hati. Tulichanga kama watu wanaonunua shamba, tukaandika kwenye daftari la mali, tukafungia kabatini. Lakini ukisoma yale maandishi madogo ambayo kila mtu anabonyeza "Nakubali" bila kusoma (nami nimeyasoma sasa, saa mbili na nusu za likizo), tangu siku ya kwanza tulichonunua kilikuwa leseni. Dongo halikubadilisha hilo. Lilichofanya ni kuipa ruhusa mwili. Kwa kuwa ruhusa ilikuwa na mwili, iliweza kukaa kabatini, kupokezana mikono, kulindwa na watu thelathini na wawili, na mwenye kulishika ndiye aliyeruhusiwa, awe Mwalimu, awe mimi, awe mwalimu wa kwaya atakayekuja miaka ishirini ijayo. Dongo halikuuliza jina.

Katika kifungu cha pili cha swali lile lile Tomaso anatenganisha mambo mawili: mamlaka ya kusimamia na kugawa, ambayo mtu anaweza kuwa nayo peke yake, na matumizi, ambayo mtu anapaswa kuyaona kama ni ya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Nilipoyasoma nilimwona Mwalimu na ufunguo wake wa kabati. Yeye ndiye aliyesimamia. Matumizi yalikuwa yetu. Akaunti haina nafasi hizo mbili. Ina mtu mmoja, jina la kwanza na jina la ukoo, na kampuni upande wa pili. Kwaya haipo. Jumuiya ndogo ndogo haipo, parokia haipo. Na sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kutudhulumu. Ni kwamba aliyeuchora mfumo alimfikiria mtu mmoja chumbani kwake, amevaa spika za masikioni, na mtu huyo ana barua pepe, na hafi.

Simlilii dongo, tusielewane vibaya. Liliwabana waliolipa, lilivunjika kwa goti, lilitutia katika dhambi. Frateri yule wa sheria ananiambia nikitaka usawa niende kwenye programu huria kama Ardour, ambazo hazina mlinzi kabisa. Yuko sahihi kwa sehemu. Mimi hapa seminarini natumia REAPER, ambayo aliianzisha Justin Frankel, yule yule aliyeandika Winamp ambayo kaka zetu walisikilizia nyimbo zote. Unaipakua, unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili. Siku zikiisha haifungwi. Inakuonyesha kidirisha kwamba umekuwa ukiijaribu kwa siku kadhaa, inataja idadi, inakusubirisha kwa sekunde chache, halafu inakuacha uendelee. Leseni ya watu wadogo kama sisi ni dola 60, kama laki moja na nusu. Nilipofika siku ya 211 nilianza kufumba macho kidirisha kikitokea. Siku ya 240 nilimwambia baba mlezi. Aliuliza kama inawezekana kulipa kidogo kidogo, nikasema haiwezekani. Basi nimeacha soda na bando la wikendi, na kufikia Majilio, Mungu akijalia, nitakuwa nimelipa. Leseni itaandikwa kwa jina langu, najua. Nitamwachia nani? Sijui, ila nenosiri nitaliandika kwenye karatasi na kulifunga kwenye bahasha.

Kwaya nao wanachanga upya. Safari hii, nimewaomba, barua pepe iwe ya ofisi ya parokia na simu iwe ya ofisi, na nenosiri likae kwenye sefu pamoja na vitabu vya ubatizo. Paroko amekubali, ingawa aliuliza kwa nini muziki unahitaji sefu.

Kuhusu nyimbo zile nane, hazikupotea. Albamu ipo, na hata malighafi ipo. Wasiojua hudhani leseni ikifungwa kila kitu kimefungwa, lakini sauti zenyewe zimehifadhiwa kwenye folda kama faili za kawaida za WAV, ambazo programu yoyote inaweza kuzisoma. Kilichofungwa ni mpangilio: nani aanze wapi, nani apunguzwe, wapi tulikata na kuunganisha. Likizo iliyopita nilizinakili zote kwenye flashi nikaja nazo hapa, nikazifungua moja moja kwenye REAPER, siku ya 196 hiyo. Ni faili zaidi ya mia tatu, na nyingi hazikuingia kwenye albamu. Kwenye moja ya besi, kabla ya wimbo wa tano, Mwalimu anasikika akisema, "Subirini, sijalichomeka vizuri," halafu kiti kinalia, halafu kimya, halafu anahesabu mpaka nne.

Nimemwandikia katibu jioni hii. Nimemwambia mstari wa kumi na nne auache.